Malintzin, mtumwa aliyekuwa ulimi wa Cortés

KATIKA nchi ya Mexico, mtu anayetukuza kila kilichotoka ng'ambo na kudharau cha kwao ana jina lake maalumu. Huitwa malinchista. Tabia yenyewe huitwa malinchismo, na neno hilo husikika katika siasa, magazetini na hata miongoni mwa mashabiki wa soka pale kocha wa kigeni anapopewa timu ya taifa.

Asili ya neno hilo ni mwanamke aliyefariki dunia karibu miaka 500 iliyopita akiwa bado kijana, na ambaye hakuacha hata mstari mmoja alioandika kwa mkono wake. Wahispania walimwita Doña Marina. Wenyeji walimwita Malintzin. Vizazi vya baadaye vikamwita La Malinche, na kwa muda mrefu jina hilo lilitamkwa kama tusi.

Kosa analodaiwa kulitenda ni ukalimani. Kati ya mwaka 1519 na 1521, wakati Hernán Cortés alipoiangusha himaya ya Waazteki, karibu kila neno zito lililopita kati yake na watawala wa nchi ile lilipitia kinywani mwa mwanamke huyo. Tangu wakati huo watu wamekuwa wakibishana kama alikuwa msaliti, na wachache tu ndio waliojiuliza, kama kweli alisaliti, alimsaliti nani.

Malintzin alizaliwa kati ya mwaka 1500 na 1505 hivi, katika eneo la Coatzacoalcos kwenye pwani ya Ghuba ya Mexico. Eneo hilo lilikuwa mpakani: upande wa magharibi ilikuwapo himaya ya Waazteki, na upande wa mashariki ilianza nchi ya Wamaya. Jina alilopewa na wazazi wake halijulikani. Baadhi ya vitabu humwita Malinalli, lakini hakuna maandishi ya wakati wake yanayothibitisha hivyo.

Habari nyingi za utoto wake zimetokana na Bernal Díaz del Castillo, askari aliyepigana chini ya Cortés na ambaye aliandika kumbukumbu zake akiwa mzee huko Guatemala, miongo kadhaa baada ya vita. Kwa mujibu wa askari huyo, baba yake Malintzin alikuwa mtawala wa mji mdogo. Baba alipofariki, mama aliolewa tena, akapata mtoto wa kiume, na ili mtoto huyo arithi utawala bila bughudha, binti akatolewa usiku kwa watu wa Xicalango huku majirani wakiambiwa kuwa amekufa. Watu wa Xicalango nao wakampeleka Tabasco, kwa Wamaya wa Potonchan.

Díaz mwenyewe alikifananisha kisa hicho na kile cha Yusufu aliyeuzwa na ndugu zake. Ndiyo maana baadhi ya wanahistoria wanakitazama kwa uangalifu, wakihofia kuwa mzee huyo alikirembesha ili kifanane na maandiko aliyoyajua. Lakini kiini chake hakina ubishi mkubwa. Msichana aliyelelewa akizungumza Kinahuatl, lugha ya Waazteki, alijikuta mtumwa katika nchi ya watu wanaozungumza Kimaya, na huko akaijua lugha yao. Alifundishwa na utumwa, si na mwalimu.

Februari 1519, Cortés aliondoka Cuba akiwa na meli 11, askari wapatao 500 na farasi 16. Gavana wa Cuba alikuwa ameghairi kumruhusu kuondoka, kwa hiyo safari yenyewe ilianza kwa uasi. Katika kisiwa cha Cozumel alimkuta Mhispania aitwaye Gerónimo de Aguilar, ambaye meli yake ilizama mwaka 1511 na aliyeishi miaka minane miongoni mwa Wamaya. Mwenzake, Gonzalo Guerrero, alikataa kurudi kwa kuwa alikwishaoa, akapata watoto na kuchanjwa chale kama wenyeji. Aguilar alikubali, na Cortés akampata mkalimani wake wa kwanza.

Machi mwaka huo Wahispania walipigana na watu wa Potonchan mahali paitwapo Centla. Wenyeji hawakuwahi kuwaona farasi, na pamoja na wingi wao walishindwa. Ili kupata amani walitoa dhahabu kidogo, vyakula, nguo na wanawake 20. Malintzin alikuwa mmojawapo.

Padri aliwabatiza wanawake hao bila kukawia, kwa sababu sheria ya kanisa iliwakataza Wahispania kulala na wanawake wasiobatizwa. Hapo ndipo alipopewa jina la Marina. Kisha wakagawiwa kwa makapteni kama mali nyingine zilizotolewa siku ile. Marina aliangukia kwa Alonso Hernández Portocarrero, ndugu wa kabaila mmoja wa Medellín, mji alikozaliwa Cortés. Hakuna aliyekuwa na habari kwamba msichana huyo alikuwa na kitu cha thamani kuliko dhahabu iliyotolewa pamoja naye.

Jambo hilo lilibainika majuma machache baadaye. Meli zilipotia nanga San Juan de Ulúa wakati wa Pasaka, walifika wajumbe wa Moctezuma, mtawala wa Waazteki. Aguilar aliitwa afasiri, lakini hakuambulia neno. Wajumbe wale walizungumza Kinahuatl, na yeye alijua Kimaya tu. Cortés alikuwa amefika kwenye mlango wa himaya kubwa kuliko zote katika sehemu ile ya dunia, akawa kama bubu.

Wakati hali ikiwa hivyo, mtu akagundua kuwa mmoja wa wale wanawake 20 alikuwa akizungumza na wageni bila taabu. Mwandishi Francisco López de Gómara, ambaye hakuwahi kufika Mexico bali alikuwa padri wa nyumbani kwa Cortés, ameeleza kuwa Cortés alimwita kando na kumwahidi makubwa kuliko uhuru iwapo angemtumikia kwa uaminifu. Ikiwa ni kweli, ilikuwa ni ahadi iliyotolewa na mwenye upanga kwa asiye na pa kwenda.

Tangu siku hiyo mazungumzo yalipita kwenye mnyororo wa watu watatu. Cortés alisema kwa Kihispania, Aguilar akageuza kwa Kimaya, Marina akageuza kwa Kinahuatl. Jibu likarudi kwa njia ile ile. Baada ya miezi kadhaa Marina alikuwa amejifunza Kihispania, na Aguilar akaanza kusahaulika. Julai 1519 Portocarrero alitumwa Hispania kupeleka barua na dhahabu kwa mfalme, na tangu hapo Marina akawa wa Cortés mwenyewe.

Wahispania wa enzi hizo walimwita mkalimani kwa neno lile lile linalomaanisha ulimi. Ndivyo Cortés alivyomtaja katika barua yake ya pili kwa mfalme: ulimi wake, mwanamke wa nchi hii, bila kumpa jina. Jina Marina linaonekana katika barua ya tano tu, aliyoiandika miaka kadhaa baadaye. Mtu anayesoma barua za Cortés bila kusoma kitu kingine anaweza kudhani kuwa jemadari huyo alizungumza na falme nzima kwa ishara za mikono.

Wenyeji hawakuona hivyo. Lugha ya Kinahuatl haina sauti ya herufi r, kwa hiyo Marina ikawa Malina, na kwa heshima wakaongeza kiambishi tzin, ikawa Malintzin. Wahispania nao wakalisikia jina hilo kama Malinche. Kichekesho ni kwamba, kwa maelezo ya Díaz, wenyeji walimwita Cortés pia Malinche, kwa kuwa kila alipozungumza sauti waliyoisikia ilikuwa ya mwanamke huyo. Kiambishi hicho cha heshima hakupewa kila mtu, na mtumwa wa kawaida asingekipata.

Heshima hiyo ilikuwa na sababu. Kinahuatl kilikuwa na namna mbili za kuzungumzwa: lugha ya watu wa kawaida, na lugha ya mabwana iliyotumika katika majumba ya watawala. Lugha ya mabwana ilijaa mafumbo, marudio na unyenyekevu uliogeuzwa juu chini, ambapo mkubwa hujidunisha mbele ya mdogo kuonyesha ukubwa wake. Asiyelelewa ndani yake angeyasikia maneno na asipate maana. Malintzin aliielewa, na hilo ndilo linalofanya wengi waamini kuwa habari ya kuzaliwa kwake katika nyumba ya watawala ina ukweli.

Kutoka pwani, msafara ulipanda kuelekea bara. Watu wa Cempoala, waliochoshwa na kodi za Waazteki, waliungana na Cortés. Tlaxcala, maadui wa jadi wa Waazteki, walipigana naye vikali mapema Septemba 1519, kisha wakaona ni heri kumtumia kuliko kumuua. Katika mazungumzo hayo yote Malintzin alikuwapo. Díaz, ambaye hakuwa mwepesi wa kuwasifu watu, ameandika kwamba mwanamke huyo alisikia kila siku habari za kuuawa na kuliwa kwao wote, aliona jinsi walivyozingirwa na kujeruhiwa, lakini hakuonyesha woga.

Halafu ikaja Cholula, na hapa ndipo wanaomlaani wanaposimama.

Cholula ulikuwa mji mtakatifu wenye mahekalu mengi, na ulikuwa umeegemea upande wa Moctezuma. Oktoba 1519 Wahispania walipokelewa humo, lakini baada ya siku chache chakula kikapungua na nyuso zikabadilika. Inaelezwa kuwa mke wa mkubwa mmoja wa mji, mwanamke mzee, alimfuata Malintzin faraghani. Alimwambia kuwa kuna mpango wa kuwaua wageni wote, akamsihi akusanye vitu vyake ahamie nyumbani kwake, ambako angeozwa mmoja wa wanawe. Malintzin alimshukuru, akamwomba amsubiri, kisha akaenda kumweleza Cortés.

Asubuhi iliyofuata wakubwa wa Cholula na watu wao walikusanywa katika uwanja wa hekalu, milango ikafungwa, na mauaji yakaanza. Cortés mwenyewe aliandika kuwa watu zaidi ya 3,000 waliuawa katika muda wa saa mbili. Wapiganaji wa Tlaxcala waliingia mjini kuua na kupora.

Je, mpango huo wa kuwaua Wahispania ulikuwapo? Wanahistoria hawajakubaliana hadi leo. Wapo wanaosema Cortés alihitaji kisingizio, na wengine wanasema mauaji hayo yalikuwa matakwa ya Watlaxcala, waliotaka mji uliowageuka uadhibiwe na utawala wake ubadilishwe. Kisa cha bibi kizee kimetufikia kupitia kalamu za washindi tu. Hata hivyo, haiwezekani kumwondoa Malintzin katika siku ile. Kama kisa hicho ni cha kweli, alichagua, na uchaguzi wake uligharimu maisha ya watu wasio na silaha. Anayemtetea hana budi kuanzia hapo, si kupapita kando.

Lakini anayemlaani naye ana maswali ya kujibu. Bibi yule alikuwa akimwahidi msichana mtumwa ndoa na mtu asiyemjua katika mji asioujua, usiku wa kuamkia vita. Malintzin alikwishatolewa na mama yake, akatolewa na watu wa Xicalango, akatolewa na watu wa Potonchan. Cholula hapakuwa kwao. Waazteki hawakuwa ndugu zake. Walikuwa himaya ya mbali iliyosonga kila mwaka kuelekea pwani, ikitoza kodi na kuteka watu. Neno Mexico kwa maana ya taifa moja lilikuwa bado karne tatu mbele. Hata neno Mhindi, lililotumika kuwaweka watu wote wa bara lile katika kapu moja, lililetwa na Wahispania wenyewe.

Novemba 8, 1519, Cortés aliingia Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki uliojengwa juu ya kisiwa katika ziwa Texcoco na kuunganishwa na nchi kavu kwa barabara za matuta. Moctezuma alitoka kumpokea akiwa amebebwa na wakubwa wake. Ulikuwa ni mkutano wa dunia mbili zilizokuwa hazijuani, na kati yao alisimama msichana wa miaka isiyozidi 20.

Moctezuma alitoa hotuba ya kumkaribisha mgeni. Katika barua yake kwa mfalme, Cortés alidai kuwa katika hotuba hiyo mtawala wa Waazteki alijisalimisha na kukabidhi nchi yake kwa taji la Hispania. Wazee wa Kiazteki waliosimulia habari hizo miaka mingi baadaye nao wanamwonyesha Moctezuma akimwambia mgeni kuwa alikuwa akimtunzia tu mkeka na kiti chake cha enzi. Kwa karne nyingi maneno hayo yalichukuliwa kama ushahidi kuwa mfalme huyo alikuwa mwoga, au alimdhani Cortés kuwa mungu aliyerejea.

Wataalamu wengi wa siku hizi, akiwamo mwanahistoria Matthew Restall katika kitabu chake cha mwaka 2018, wanaikataa tafsiri hiyo. Ile ilikuwa lugha ya mabwana, na unyenyekevu wake ulikuwa alama ya enzi. Sisi wenyewe tunapompokea mgeni humwambia kwamba nyumba ni yake, na hatujapata kusikia mgeni mstaarabu aliyekwenda ofisi ya ardhi kesho yake kudai hati. Cortés alifanya hivyo hasa.

Hapa pana fumbo kubwa katika maisha ya Malintzin. Aliyafikisha maneno ya Moctezuma jinsi yalivyo, au alifikisha maana iliyokuwa nyuma yake? Kama alitoa maneno matupu, Cortés alisikia kujisalimisha. Kama alitoa maana, basi Cortés alielewa vizuri na akadanganya makusudi, kwa kuwa mtu aliyeondoka Cuba kwa uasi alihitaji zawadi kubwa ya kumtuliza mfalme wake. Mwandishi wa makala haya anaelekea upande wa pili. Mwanamke aliyeimudu lugha ile kiasi cha kuheshimiwa na watawala asingeshindwa kumweleza bwana wake kuwa huo ulikuwa ni ukarimu tu.

Juma moja baadaye Moctezuma alikamatwa ndani ya mji wake mwenyewe. Wazee wa Tlatelolco, waliosimulia kumbukumbu zao kwa wanafunzi wa padri Bernardino de Sahagún, wanamweleza Malintzin akipanda juu ya paa na kuwaita wakubwa wa Waazteki walete chakula na maji kwa Wahispania waliochoka. Mtumwa wa mwaka jana akiwaamuru mabwana kwa sauti ya juu, mbele ya watu, tena mwanamke. Katika jamii iliyothamini ukimya wa binti wa nyumba njema, picha hiyo haikusahaulika.

Mei 1520, Cortés alikwenda pwani kupambana na Pánfilo de Narváez, aliyetumwa kutoka Cuba kumkamata. Aliyeachwa mjini, Pedro de Alvarado, aliwashambulia watu waliokuwa wakicheza ngoma katika sikukuu ya Toxcatl na kuua wengi. Mji ukawaka. Moctezuma alikufa mwishoni mwa Juni, na hadi leo kila upande unautupia mwingine lawama ya kifo hicho. Usiku wa Juni 30 Wahispania walijaribu kutoroka kupitia barabara ya tuta. Mamia yao na Watlaxcala wengi zaidi waliuawa au kuzama, baadhi wakivutwa chini na dhahabu waliyojifunga. Malintzin alivuka salama.

Waliporudi mwaka uliofuata walikuwa na mshirika ambaye hawakumwalika, ugonjwa wa ndui, ulioingia na meli za Narváez. Uliua watu wasiohesabika, akiwamo Cuitlahuac, mrithi wa Moctezuma, aliyetawala kwa siku 80 hivi. Mji ulizingirwa tangu mwishoni mwa Mei 1521, ukinyimwa chakula na maji safi, huku makumi ya maelfu ya wapiganaji wa Tlaxcala na miji mingine wakipigana upande wa Cortés. Agosti 13, 1521, mtawala wa mwisho, Cuauhtemoc, alikamatwa.

Kumbukumbu za wazee wale zinaishia pabaya. Mji umelala magofu, watu wanatoka wamekonda, na Cortés ameketi akiuliza iko wapi dhahabu iliyopotea usiku ule wa kutoroka. Anayelifikisha swali hilo, na kulirudia, ni Malintzin.

Mwaka 1522 alimzalia Cortés mtoto wa kiume, akaitwa Martín, jina la babu yake upande wa baba. Mwaka huo huo mke halali wa Cortés, Catalina, aliwasili kutoka Cuba, na baada ya miezi michache alikutwa amekufa chumbani, katika mazingira yaliyozusha minong'ono na hatimaye mashitaka. Cortés hakumwoa Malintzin. Hilo halikuwa hata jambo la kufikiriwa kwa mtu mwenye ndoto za kuingia katika ukoo wa makabaila wa Hispania.

Aliozwa kwa mtu mwingine. Mwaka 1524 Cortés alifunga safari ndefu kwenda Honduras kumwadhibu kapteni aliyemuasi, naye Malintzin akachukuliwa tena kwa ajili ya lugha zake. Njiani, karibu na Orizaba, alifunga ndoa na Juan Jaramillo, mmoja wa maofisa wa msafara. Kama zawadi ya harusi Cortés alimpa haki ya kupokea kodi na kazi za watu wa Olutla na Tetiquipaque, katika nchi aliyozaliwa. Watafiti, akiwamo Camilla Townsend aliyeandika kitabu juu yake mwaka 2006, wanaona kuwa ndoa hiyo haikuwa kutupwa. Ilimpa cheo cha mke halali wa Mhispania, kitu ambacho hakuna mwenyeji asiye binti wa mfalme aliyekipata kwa urahisi.

Msafara ulipopita Coatzacoalcos, wakubwa wa eneo hilo waliitwa kukusanyika. Miongoni mwao, anasimulia Díaz, walikuwapo mama yake Malintzin na yule ndugu aliyepewa urithi. Walipomtambua walilia kwa hofu, wakidhani wameitwa kuuawa. Aliwafariji, akawapa vito na nguo, akawaruhusu kurudi kwao, akisema kwamba hawakujua walilokuwa wakilitenda. Huenda mzee Díaz aliupamba mkutano huo kama alivyoupamba utoto. Lakini alikuwapo kwenye safari hiyo, na ni mahali pachache katika kitabu chake ambapo askari huyo anaapa kuwa asemayo ni kweli.

Safari ile ilikuwa ya njaa na matope. Mapema mwaka 1525 Cortés alimtuhumu Cuauhtemoc, aliyekuwa akiburutwa naye kama mateka, kuwa anapanga uasi, akamnyonga msituni. Waliokwenda kunyongwa walihitaji mkalimani ili wasikie hukumu yao na kusali sala ya mwisho. Mkalimani alikuwa yule yule.

Mwaka 1526, wakati wa kurejea, alijifungua binti, María. Baada ya hapo habari zake zinakuwa chache. Wengi wa watafiti wanaamini alifariki karibu na mwaka 1529, pengine kwa moja ya magonjwa yaliyokuwa yakifagia nchi, akiwa hajafikisha au ndiyo kwanza amefikisha miaka 30. Jaramillo hakukaa sana akaoa mwanamke wa Kihispania.

Kwa miaka mingi baada ya kifo chake hakuna aliyemwita msaliti. Katika michoro ya Tlaxcala ya katikati ya karne ile amechorwa akiwa amesimama katikati, mara nyingine mkubwa kuliko Cortés, mkono umenyooshwa. Watlaxcala hata wakaliita kwa jina lake la Malinche lile jabali la mlima wa volkano lenye zaidi ya mita 4,400 linaloonekana kutoka mjini mwao.

Mambo yaligeuka baada ya Mexico kupata uhuru mwaka 1821. Taifa jipya lilihitaji mashujaa na maadui. Cuauhtemoc akawa shujaa. Malinche akawa adui wa ndani. Riwaya ya mwaka 1826 iitwayo Xicoténcatl, iliyochapishwa Philadelphia bila jina la mwandishi, ilimchora kama mwanamke mwerevu wa hila. Mwaka 1926 msanii José Clemente Orozco alimchora ukutani akiwa uchi kando ya Cortés, mikono yao imeshikana, na mwili wa mwenyeji ukiwa miguuni pao. Mwaka 1950 mshairi Octavio Paz aliandika kuwa Wamexico ni watoto wa mama aliyevunjiwa heshima na ambaye hawajamsamehe. Katika habari hizo zote, Watlaxcala, waliotoa majeshi, hawakubebeshwa hata robo ya lawama aliyobebeshwa mwanamke aliyetoa maneno.

Kuanzia miaka ya 1970 waandishi wanawake wa Mexico na wale wenye asili ya Mexico wanaoishi Marekani walianza kumtetea, wakiuliza ni uaminifu gani unaodaiwa kwa mtumwa. Mwaka 1982 sanamu iliyowaonyesha Cortés, Malintzin na mtoto wao ilisimamishwa Coyoacán, kitongoji cha mji wa Mexico walikokuwa na makazi. Wananchi walipiga kelele, ikaondolewa katikati ya eneo hilo na kupelekwa kwenye bustani ya pembeni.

Mtoto yule anayesemwa kuwa ni wa kwanza wa taifa lenye damu mbili, ingawa hakuwa wa kwanza, alitengana na mama yake mapema. Mwaka 1528 Cortés alimchukua Martín kwenda Hispania akiwa na miaka sita hivi. Mwaka 1529 Papa Clement wa Saba alimhalalisha, na kijana akakulia katika nyumba ya mwana wa mfalme, Philip, akimtumikia. Baadaye Cortés alipata mtoto mwingine wa kiume kwa mke wake wa pili, kabaila, naye pia akamwita Martín. Huyo ndiye aliyerithi cheo na mali.

Martín mwana wa Malintzin alirudi Mexico miaka ya 1560 pamoja na ndugu zake. Mwaka 1566 wote walituhumiwa kupanga njama ya kuitenga Mexico na taji la Hispania. Ndugu yake mwenye cheo alipelekwa Hispania kushitakiwa kwa heshima zake. Martín wa Malintzin alibaki mikononi mwa mahakimu, na mwaka 1568 akalazwa kwenye kitanda cha mateso, akakazwa kamba na kumiminiwa maji kinywani mara kadhaa ili awataje wenzake. Hakumtaja mtu. Alisema amekwishasema ukweli na hana la kuongeza, kisha akafukuzwa katika nchi aliyozaliwa.